Diski kubwa kwenye kompyuta ya zamani: msiwaambie watu watupe mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka wiki iliyopita kwenye ukurasa wa teknolojia. Mwandishi aliwaambia wasomaji kwamba kompyuta ikishindwa kuitambua diski mpya yote, basi umri wake umekwisha na dawa ni kununua nyingine. Mimi ni fundi, na riziki yangu inatokana na kompyuta ambazo wengine wamekwisha kuzikatia tamaa. Ushauri ule umeniuma, kwa sababu mtu atatupa mashine nzima kwa tatizo ambalo mara nyingi linaondoka kwa kuhamisha jampa moja, kile kipande kidogo cha kuunganisha pini mbili, nyuma ya diski. Na umeniuma zaidi kwa sababu makala haikugusa kabisa hatari iliyo mbaya kuliko diski kukataliwa. Hatari hiyo ni diski inayokubaliwa, ikajazwa, halafu siku moja ikaanza kuandika data mpya juu ya zile za zamani bila onyo lolote.

Kwanza chanzo chenyewe. Ndani ya diski kuna sekta, kila moja ya baiti 512, na kompyuta inazifikia kwa kuzitaja kwa namba. Kila kikomo mnachokisikia kimetokana na nafasi ambayo watengenezaji waliitenga kwa ajili ya namba hiyo. Ni kama fomu yenye visanduku vitatu vya kuandika namba ya nyumba: mtaa ukifikisha nyumba ya elfu moja, nyumba ipo na njia ya kuifikia ipo, ila kwenye fomu hakuna pa kuiandika.

BIOS, ile programu ya kwanza kuamka unapowasha kompyuta, zamani ilitaja sekta kwa namba tatu: silinda, kichwa na sekta. Iliruhusu silinda 1,024, vichwa 256 na sekta 63. Upande wa diski za IDE, aina iliyokuwa ya kawaida kwenye kompyuta za wakati huo, ulikuwa na ruhusa yake tofauti: silinda hadi 65,536, lakini vichwa 16 tu. Kila upande peke yake ulikuwa na nafasi kubwa. Vilipokutana, kila mmoja akabanwa na udogo wa mwenzake: 1,024 mara 16 mara 63 mara 512, ukapata baiti 528,482,304. Ndiyo ile MB 528 iliyowasumbua watu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ukiona mahali pameandikwa 504, kikomo ni kilekile, kimehesabiwa kwa mafungu ya 1,024 badala ya 1,000. Vivyo hivyo kwa kikomo cha GB 137 nitakachokifikia mbele, ambacho wengine hukiandika 128, kwa hiyo msigombane.

Baadaye BIOS zikajifunza kutafsiri, yaani kupunguza silinda na kuongeza vichwa kwa kiwango kilekile, na kikomo kikasogea hadi GB 8.4. Katikati kulikuwa na vikwazo vidogo vidogo. Baadhi ya BIOS zilihesabu silinda 4,096 tu, zikaishia GB 2.1. DOS, mfumo endeshi wa zamani, nayo huhifadhi idadi ya vichwa kwenye baiti moja, kwa hiyo vichwa 256 vikawa sifuri machoni pake, na ndiyo maana mpaka leo utaona BIOS zinatangaza vichwa 255. Hatimaye mambo ya silinda na vichwa yakaachwa, sekta zikapewa namba moja mfululizo. Mtindo huo unaitwa LBA. Lakini hata namba hiyo ilipewa biti 28, yaani tarakimu 28 za sifuri na moja, na biti 28 zina mwisho wake.

Nitoe mfano wa kazi niliyoifanya. Kuna karakana yenye mashine ya kukereza vyuma inayoongozwa na kompyuta ya Pentium yenye MS-DOS. Mawasiliano kati ya hizo mbili yanapita kwenye kadi ya ISA, na kadi hiyo huwezi kuichomeka kwenye mazabodi, yaani bodi kuu, ya kompyuta za kawaida za siku hizi kwa sababu tundu lake halipo tena. Mwenye karakana akitupa kompyuta ametupa na kadi, na bila kadi ile mashine kubwa ya chuma haifanyi kazi. Diski yake ya GB 1.2 ilikuwa imeanza kugonga, ile sauti ambayo kila fundi akiisikia anakimbilia kunakili data. Tulichokuwa nacho mkononi ni diski ya GB 40 iliyotolewa kwenye kompyuta nyingine, nzima kabisa.

Tulipoifunga na kuwasha, skrini ilihesabu kumbukumbu, ikaandika kwamba inatafuta diski, ikaganda palepale. Hata kitufe cha kuingilia kwenye mipangilio hakikuitika. Ukiona hivyo usiilaumu diski. Baadhi ya BIOS za mwishoni mwa miaka ya 1990 huuchukua ukubwa wa diski na kuugawanya ili kupata silinda, na jibu likizidi 65,535 hesabu inafurika na programu inakwama. Kwa vichwa 16 na sekta 63, hapo ni kwenye GB 33.8. Watengenezaji wa diski walilijua tatizo hili wakaweka dawa kwenye diski zenyewe. Karibu na tundu la umeme, palepale panapochaguliwa kama diski ni masta au slevu (ya kwanza au ya pili kwenye waya mmoja), kuna pini za ziada, na lebo ya juu ina mchoro unaoonyesha jampa ikae wapi ili diski ijitangaze kuwa ndogo. Tukazima, tukahamisha jampa, tukawasha. BIOS ikasoma GB 8.4, mashine ikaendelea na safari. Nafasi zaidi ya GB 30 ilibaki bila kazi na hakuna aliyeililia, kwa sababu programu ya kukereza pamoja na michoro yake yote haifiki MB 200.

Kisha nikatengeneza patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengwa, isiyofika MB 512, ingawa DOS ingeniruhusu GB 2. FAT16, mpango wa DOS wa kuhifadhi mafaili, hugawa nafasi kwa mafungu yanayoitwa klasta, na klasta hukua kadiri patisheni inavyokua. Kwenye patisheni ya kati ya GB 1 na GB 2 klasta moja ni KB 32, kwa hiyo faili la mchoro lenye baiti mia chache linakalia KB 32 nzima. Kwenye patisheni niliyoitengeneza klasta ni KB 8. Mashine za namna hii huwa na vifaili vidogo vingi mno, na watu hushangaa diski imejaa wakati ukijumlisha ukubwa wa mafaili hayafiki hata nusu yake.

Kwa kazi kama hiyo, siku hizi naanza kwa kutafuta kadi ya CompactFlash, ile ya kamera za zamani. Inaongea lugha ileile ya IDE, kwa hiyo adapta yake haina akili yoyote ndani, ni waya tu za kuunganisha pini kwa pini. Haina kinachozunguka, na mahali penye mtikisiko na vumbi la chuma hilo ni jambo kubwa. Kuna sharti moja ambalo wengi hulipuuza wakadhani kadi ni mbovu: igawanye na kuifomati ndani ya kompyuta ileile itakamofanyia kazi. Ukiitayarisha kwenye kompyuta nyingine, hesabu ya silinda na vichwa inaweza kutofautiana na ya BIOS ya zamani, na mashine ikakataa kuwaka kutoka kwenye kadi.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomponza mteja mmoja aliyeniletea kompyuta huku akiwa karibu kulia. Alikuwa ameambiwa na fundi mwingine kwamba diski imekufa na kumbukumbu zake za hesabu za miaka yote hazipo tena. Nikafungua kava nikakuta betri ya mazabodi imekwisha. Betri ikiisha, BIOS inasahau mipangilio yake, na hii ilipoanza upya ilichagua LBA. Diski ilikuwa imegawanywa zamani chini ya mpangilio unaoitwa LARGE, ambao hutafsiri silinda na vichwa kwa njia tofauti. Kwa hiyo kila BIOS ilipotafuta sekta, ilikwenda mahali pasipo penyewe. Nikaweka betri mpya, nikarudisha LARGE, nikahifadhi. Folda zote zikatokea. Kama yule fundi wa kwanza angekuwa amefomati ili "ajaribu", tusingekuwa na la kuzungumza. Tangu zamani kila diski ninayoifunga kwenye mashine kama hizi naandika kwenye karatasi mpangilio uliotumika, idadi ya silinda, vichwa na sekta, naibandika ndani ya kava. Nawaomba mafundi wote wanaosoma barua hii wafanye hivyo.

Msimamo wangu unatokana na matukio ya aina hiyo. Njia ya kukwepa kikomo naipima kwa swali moja: fundi asiyenijua akiichomoa diski hii kesho na kuipeleka kwenye kompyuta nyingine, ataikuta data? Jampa inapita mtihani huo, kwa sababu diski imekuwa ndogo kweli na kila kompyuta itaiona hivyo. Amri ya hdparm ya Linux inapita pia. Hiyo huiamuru diski yenyewe itangaze sekta pungufu, na unaweza kuipa amri hiyo ibaki hata baada ya kuzima. Inafaa sana kwa diski zisizo na pini za jampa hiyo.

Isiyopita kirahisi ni zile programu zilizokuwa zikitolewa pamoja na diski mpya kwenye miaka ya 1990, kama Disk Manager ya Ontrack na EZ-Drive. Zinajiweka mwanzoni kabisa mwa diski, zinaamka kabla ya mfumo endeshi, kisha zinashika nafasi ya BIOS. Sizidharau. Wakati wake ziliwaokoa watu wengi waliokuwa na BIOS isiyokuwa na marekebisho. Lakini ukiwasha kompyuta hiyo kwa flopi bila kuipitisha programu kwanza, diski inaonekana ngeni au tupu. Ukiihamishia kwenye mashine nyingine, mara nyingi ni vilevile. Na atakayetokea kusafisha sekta ya kwanza akidhani anaondoa virusi, ameondoa mlango wa nyumba nzima. Leo kuna njia bora, kwa hiyo mimi siziweki tena, na nikizikuta nanakili data kwanza kabla ya kugusa chochote.

Kabla ya yote mtu aangalie kama mtengenezaji wa mazabodi alitoa BIOS mpya. Ni dawa safi kuliko zote, ila modeli iwe ileile hadi herufi ya mwisho, na umeme usikatike katikati ya kazi, kwani hapo mazabodi yenyewe ndiyo inayokufa. Ikishindikana, kuna kadi za PCI za kuunganishia diski zenye BIOS yake ndani, kama zile za Promise. Unachomeka diski kwenye kadi, na BIOS ya mazabodi haihusiki tena. Kwa mashine za zamani zaidi zenye ISA tu, wapo watu waliojitolea kuandika XTIDE Universal BIOS, inayopatikana bure. Inachomwa kwenye chipu, chipu inakaa kwenye tundu la ROM la kadi ya mtandao, na kompyuta ya miaka ya 1980 inaanza kuzielewa diski ambazo walioiunda hawakuziota. Kazi ile inastahili heshima, na ningefurahi gazeti hili likiandika habari zake.

Anayetumia Linux ana nafuu zaidi. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikishaamka huongea na diski moja kwa moja bila kuitegemea BIOS. Kinachoitegemea BIOS ni hatua ya kuwasha tu. Kwa hiyo patisheni ndogo ya /boot iwekwe mwanzoni mwa diski, ndani ya eneo ambalo BIOS inalifikia, na sehemu yote iliyobaki itumike bila wasiwasi.

Sasa nirudi kwenye ile hatari niliyoitaja mwanzo, kwa sababu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Biti 28 zinatoa sekta 268,435,456, yaani GB 137. Biti 48 zilikuja na kiwango cha ATA-6 mwaka 2002. Windows XP ya 2001 haikuwa tayari, ikasubiri Service Pack 1, yaani kifurushi cha kwanza cha marekebisho. Windows 2000 ilihitaji Service Pack 3 pamoja na kubadilisha kipengele kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Windows 98 haikupata kabisa; draiva yake ya diski, programu inayoongea na diski, ilibaki na biti 28. Fikiria basi kompyuta ambayo BIOS yake ni mpya kidogo na inaijua diski yote ya GB 160, lakini juu yake kuna Windows 98. Patisheni inatengenezwa nzima, inafomatiwa, inaonekana nzima. Mtumiaji anaridhika. Anaweka mafaili miezi na miezi, na hakuna tatizo, kwa sababu bado yuko chini ya mstari.

Siku data inapovuka mstari, draiva inapewa namba inayohitaji biti 29, inaikata ile biti ya juu, inaandika. Sekta ya 268,435,456 inageuka sekta ya sifuri. Hiyo ndiyo sekta yenye jedwali la patisheni, na muda mfupi baada yake ndiko iliko FAT, orodha inayosema kila faili liko wapi. Nimeona mashine iliyokutwa na hali hiyo: majina ya folda yalikuwa herufi zisizosomeka, tarehe za mafaili hazina maana, na ilipozimwa na kuwashwa haikuamka tena. Picha na nyaraka nyingi zilikuwa bado zimo kwenye diski, lakini ramani yake ilikuwa imeandikwa juu. Mwenye mali aliniuliza kwa nini kompyuta haikumwambia kitu. Haikujua kwamba imekosea.

Kwa hiyo kabla ya kuiamini diski yoyote inayozidi GB 137 kwenye mashine ya zamani, ijaribu ikiwa tupu. Nakili mafaili makubwa hadi upite mstari huo, zima, washa, kisha yalinganishe mafaili ya mwanzo na asili yake. Yakiwa sawasawa, endelea. Inachukua muda mrefu, na unaweza kuiacha ifanye kazi usiku.

Kikomo cha juu zaidi ni TB 2.2, kinachotokana na jedwali la patisheni la MBR kuwa na biti 32 kwa namba ya sekta. Huko ndiko diski ya TB 3 inakoonekana kuwa na GB 746 tu kwenye mifumo ya zamani, kwa sababu hesabu imezunguka na kuanza upya. Kwa Windows 7 kwenye kompyuta yenye BIOS, washa kwa diski ndogo, na ile kubwa ipewe jedwali la GPT, aina mpya isiyo na kikomo hicho, iwe ya data tu. Na mjihadhari na baadhi ya makasha ya USB ya diski za nje. Yanaitangaza diski kwa sekta za baiti 4,096 ili MBR itoshe, kwa hiyo ukiitoa diski kwenye kasha na kuifunga ndani ya kompyuta, patisheni hazionekani. Irudishe kwenye kasha lilelile kabla hujatangaza msiba.

Mwisho, Mhariri, kwenye ukurasa uleule msomaji mmoja aliuliza kwa nini diski yake mpya ya GB 160 inaonyesha 127 (ndiyo ile GB 137, ikihesabiwa kwa mafungu ya 1,024) kwenye Windows XP, na akajibiwa kwamba kompyuta yake imepitwa na wakati. Naomba umfikishie jibu hili. Asifomati upya wala asitumie programu ya kuipanua patisheni iliyopo. Aandike winver kwenye kisanduku cha Run aone kama ana Service Pack 1 au ya baadaye, kama hana aiweke, kisha aingie kwenye BIOS aone kama diski inatajwa kwa ukubwa wake wote. Vyote viwili vikiwa sawa, nafasi iliyobaki aitengenezee patisheni ya pili, aijaze kwa majaribio kama nilivyoeleza, kisha aitumie. BIOS ikiwa haiioni na hakuna toleo jipya la kuirekebisha, mashine yake iendelee na kazi kama ilivyo, na hizo GB 23 za mwisho aziache.

Wako,
Fundi wa kompyuta na msomaji wa gazeti hili